Gari Lililolala Kwangu

Ihumwa, Dodoma
Agosti 1995

Baba yangu,

Shikamoo. Huku tu wazima, ila upepo na vumbi vimetuchosha. Baba, nimenunua gari! Ni Korola nyeupe, kuukuu, mlango mmoja una rangi yake peke yake. Sasa nitakwenda kazini mjini bila kudandia malori.

Mwenyewe, Bwana Thobias wa ofisini kwetu, aliliwasha likaitika papo hapo. Wenzangu wakanihimiza, "Angelina, chukua!" Nikagusa boneti, ikaniunguza. Alikuwa ameshalipasha moto kabla sijafika. Nikakukumbuka ulivyokuwa ukienda kwenye mazizi ya watu alfajiri, umwone ng'ombe akiinuka mwenyewe ndipo umnunue. Nikamwambia, "Lilale kwangu. Asubuhi nitaliamsha mimi."

Alicheka sana. "Dada, hili si ng'ombe!"

Kulipopambazuka, kwa baridi ile, likakohoa likagoma. Thobias hakucheka tena. Akalipeleka kwa fundi, nikalilaza upya. Leo asubuhi nimegusa ufunguo tu, likainuka! Nimepiga vigelegele peke yangu uani, majirani wakadhani kuna harusi.

Siku ile Mama alipozidiwa, tulingoja usafiri barabarani mpaka akanyamaza mikononi mwangu. Sitaandika zaidi ya hapo.

Jumamosi nakuja kukuchukua, Jumatatu twende hospitali ya macho. Usiniletee habari za mgongo na mabasi. Utalala kwangu, na alfajiri utakaa kiti cha mbele. Hata kama hulioni, utalisikia likiinuka.

Mwanao, mnunuzi kama wewe,
Angelina