Chumvi ya Mama Karani

4 Machi

Mama,

Shikamoo. Mimi mzima, ila usingizi unanipiga chenga. Dada na mwanawe hawajambo? Nakuomba, ile chumvi ya mgao ninayowatumia kutoka kiwandani, acheni kuitumia. Mwaga yote. Sababu nitakueleza nikija.

Mwanao

15 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Wazima, ila mjukuu wangu tumbo linamsokota. Chumvi niimwage? Tangu lini chumvi ikaoza? Mtaa mzima unaila, kila mgao nawapimia majirani. Fundi cherehani wa mlango wa pili anasema mboga bila chumvi ya Mama Karani ni maji ya moto tu! Una nini wewe? Sema.

Mama Karani

22 Machi

Mama,

Shikamoo. Meneja alinituma dukani ninunue chumvi ya meza ya wakubwa, ya kampuni nyingine. Kiwanda cha chumvi kinanunua chumvi! Nikamuuliza mpimaji wa maabara, akafunga mlango kwanza. Chumvi yetu ina madini ya risasi, yale ya kwenye betri za magari. Hayana ladha wala harufu. Yanajikusanya mwilini kidogo kidogo, na watoto ndio wanaoumia zaidi. Mpelekeni mtoto akapimwe damu. Lakini jina langu lisitajwe popote, nakusihi. Watanifukuza, au zaidi ya hapo.

Mwanao

2 Aprili

Mwanangu,

Mtoto amepimwa. Anayo. Nimezunguka nyumba kwa nyumba kuwaambia waimwage. "Nani kasema?" Nikasema nimesikia tu. Fundi cherehani akacheka: "Sema tu umeanza kutunyima, mwanao kapanda cheo!" Na binti yake naye analia tumbo. Bila jina lako hakuna anayenisikia. Niruhusu nilitaje. Nangoja.

Mama

30 Aprili

Mwanangu,

Barua haikuja. Kimekuja kifurushi: chumvi ya dukani, pakiti moja, bila hata mstari. Ya chungu changu peke yangu.

Juzi binti wa fundi cherehani alishikwa na degedege, amelazwa. Nimemwambia daktari chumvi ilikotoka, na nani aliyeniambia. Jina lako nimelitaja. Ungetaka kunizuia, ungeandika.

Mama wa binti huyo bado hajaambiwa kilichomlaza mwanawe. Leo asubuhi alibisha kwangu, akaomba chumvi kidogo ya supu ya mgonjwa. Nikampa pakiti yako yote. Akaishika kwa mikono miwili: "Mwambie Karani, Mungu ambariki."

Salamu zako hizo.

Mama