Kabati Ambalo Hukulijenga

Baba,

Kuna jambo sijamwambia mtu yeyote. Hata kwenye maombi nalizungukazunguka tu. Lile kabati la jikoni ambalo kila mgeni akiingia anausifu mkono wako, wewe hukulijenga. Nililijenga mimi.

Wewe unalijua hilo vizuri kuliko mtu yeyote. Lakini limenikaa kifuani mpaka siwezi kutulia, na sina mwingine wa kumwandikia.

Baada ya mazishi Mama alinituma Kitale nikakae na vitu vyako kwenye kile chumba ulichopanga, hadi pikapu ya kuvileta nyumbani ipatikane. Mchana niwe pale, jioni nikalale kwa Senge, dada yako. Si nimemaliza kidato cha nne na niko tu nangoja matokeo. Mama alinishika bega akasema, "Nafula, uangalie kabati langu lisikwaruzwe. Baba yako alisema limebaki milango tu." Ulimwambia hivyo kwa simu ya jirani, ukiwa tayari unakohoa. Naye alipaka ukuta wa jikoni rangi, akawaambia akina mama wa kanisa kwamba sahani zake zitatoka kwenye karai. Hata siku tunakuzika alikuwa anawaambia watu, "Aliniachia kabati."

Nilifungua mlango wako nikalitafuta. Baba, niliangalia hadi nyuma ya kitanda, kana kwamba kabati zima linaweza kuingia pale. Kulikuwa na mbao za saiprasi zimeegemezwa ukutani, hata moja haijapigwa randa. Plaiwudi. Bawaba bado ziko ndani ya pakiti. Na chupa za dawa yako ya kifua zimejaa dirishani.

Nilikasirika. Kisha nikaziona zile chupa tena, nikakaa kwenye kitanda chako, hasira ikaisha yenyewe. Nilichoogopa ni kurudi nyumbani na mbao tupu na kumtazama Mama usoni.

Basi nilianza. Kazi niliijua kwa macho. Likizo ngapi nimeshika upande wa pili wa ubao huku unaniambia, "Shika, usipumue," na mimi kweli nilikuwa naacha kupumua. Wateja walidhani nimekuletea chakula. Wewe ukiwaambia, "Huyu ndiye mkubwa wa kazi, mimi ameniandika tu," nami nikikimbilia nyuma ya kabati la nguo la mtu. Lakini kujua kwa macho si kujua kwa mkono. Kiungo changu cha kwanza cha mbao kilicheza kama jino la mtoto. Nilikibomoa. Cha pili pia. Randa ilinikataa mpaka nikakumbuka ulivyokuwa unauzungusha ubao ili randa ifuate nyuzi zake.

Senge alikuwa akirudi kutoka sokoni na beseni lake la omena ananikuta na vumbi la mbao kwenye nywele. Nilimwambia naweka milango uliyobakisha.

"Milango gani hiyo inataka msumeno kutwa nzima?"

"Ni migumu, Senge."

"Haya. Usijikate kidole tu. Watakuvika pete wapi?"

Siku pikapu ilipotuleta Bungoma, wanaume walilishusha kabati, wakaliweka ukutani pale pale Mama alipopaka rangi. Alipitisha kiganja juu yake polepole. "Mkono wake huu," akasema. Nilitaka kucheka na kulia.

Halafu likainama upande mmoja. Mlango wa upande wa chini ukafunguka wenyewe, nikaufunga, ukafunguka tena.

Ile sakafu, Baba. Uliimwaga wewe mwenyewe, ukaiinamisha kuelekea mlango wa nje ili maji ya kupiga deki yatoke yenyewe. Nimeyasukuma maji hayo tangu nijue kushika tambara, na kule Kitale sikuikumbuka hata kidogo. Nilikata miguu yote sawa. Nilisimama nikingoja Mama aseme, kwa sababu aliyeimwaga sakafu hiyo hawezi kufanya kosa kama hilo.

Aliangalia miguu ya kabati. Akaangalia sakafu. Kisha akasema, "Alisahau sakafu yake mwenyewe. Kumbe aliumwa hivyo, na mimi huku nampigia kelele za kabati." Akakaa juu ya jerikeni akalia. Kaburini hakulia. Mimi nilipiga magoti nikaanza kuchonga kibao cha kuinua ule upande wa chini, kwa sababu sikujua nifanye nini kingine na uso wangu.

Ilikuja siku ya kunyolewa nywele, ya kumaliza matanga. Wazee walikaa uani wakagawa vitu vyako, koti, viatu, baiskeli. Walipofika kwenye vifaa vya kazi, mzee mmoja akaiinua randa juu, akauliza, "Nani hapa anajua kutumia hii?"

Watu waliangaliana. Mimi nilikuwa nimesimama na birika la chai. Jibu lilikuwa mdomoni kabisa. Lakini wangeniuliza nimejulia wapi, na nimetengeneza nini. Na Mama alikuwa pale mlangoni pa jikoni, anawafungulia wageni droo, anawaonyesha jinsi zinavyoteleza. Nilimimina chai mpaka ikamwagika kwenye kisahani.

Randa alipewa binamu Wafula, eti kwa sababu ni mwanamume. Wafula wa bodaboda, wa stendi ya Chwele. "Sasa bana, mimi nitaranda nini, pikipiki?" Wakacheka wote. Akaifunga kwenye kiti cha abiria kwa mpira, akaenda nayo.

Tangu siku hiyo sikai mahali pamoja. Nikiosha vyombo nainuka kuangalia kama ule mlango umefunga. Nikilala nasikia bawaba. Juzi mama mmoja wa kanisa alitaka atengenezewe kama hilo, Mama akamwambia aliyeweza ameshaenda, na alisema kwa fahari, Baba, ungemsikia. Nikimwambia ukweli, namnyang'anya kitu cha mwisho ulichomfanyia. Tena atajua kwamba ulimdanganya ukiwa mgonjwa. Nisipomwambia, katika nyumba hii nitabaki yule wa kumimina chai. Yeye ananitaka niwe mwalimu. Nami sijawahi kumwambia mtu ninachokitaka.

Nimefikiri sana, na nimeamua hivi. Kabati litabaki lako. Lakini jana nilikwenda Chwele nikamwomba Wafula aniazime randa. Aliniangalia kama nimeomba pikipiki. "Wewe Nafula, wa kuogopa hata kuitwa jina?" Nikasema ndiyo, huyo huyo. Amekubali. Jumamosi nitaweka mbao nyingine uani mbele ya nyumba, mahali wapita njia wote wanaona, nianze rafu ya ukutani ya vikombe. Uso utaniwaka. Mama akitoka kuuliza, nitamwambia nilijifunza kwako, na huo ni ukweli mtupu. Na safari hii sakafu nitaipima kwanza, hata kama rafu haiigusi.

Nakuahidi sitaiacha kazi hii. Matokeo yakinipeleka ualimu nitakwenda, na likizo nitaranda.

Pumzika sasa, Baba. Kifua hakikusumbui tena, na mbao zako nimezimaliza zote.

Jambo moja tu nakuomba. Mama anasema unamjia usingizini, mnakaa jikoni mnaongea. Akikuuliza habari za kabati, usijibu. Mwambie una njaa, atainuka kukupikia na atasahau alichouliza. Mimi nitanyamaza huku, na wewe unyamaze huko.

Mtoto wako,
Nafula