Kichaka Kilichosafishwa kwa Ajili ya Wageni

Jumapili. Gitega, mvua tangu asubuhi, na mimi sikutoka kitandani hadi saa nne.

Jana nilikuwa Gasorwe, kule Muyinga, kaskazini mwa Burundi, kwenye kijisitu nilikotega kamera mwezi uliopita. Ndiko ilikompiga picha sungura wa msituni mwenye milia ya kahawia mgongoni. Wazee wa kilima kile (kwetu kilima ndicho kijiji) wanamkumbuka, vijana hawajawahi kumwona. Mtaalamu wa wanyama ninayefanya naye kazi hapa Gitega alipoiona picha alisema atakwenda kumtafuta mwenyewe, yeye na wenzake.

Kwa furaha nikampigia simu shefu wa kilima, kiongozi wao. Nikamwambia wageni wanakuja kwa ajili ya mnyama huyu, tafadhali patunzwe pale.

Wakapatunza.

Jumamosi ni siku ya kazi za jamii. Nilipofika, kilima kizima kilikuwa kinamalizia. Wamefyeka vichaka vyote vya upande wa juu, wamechoma majani, wamefagia njia. Mahali sungura alipokuwa akijificha na kuzaa pamebaki udongo mtupu.

"Mama, wageni yako hawawezi pita mu pori," shefu aliniambia, jasho likimtoka. "Sasa iko propre, safi kabisa. Na watoto yake tumekuwekea."

Akaniletea ndoo. Ndani, juu ya majani ya muhogo, watoto wawili wa sungura ambao hawajafumbua macho. Mmoja alikuwa ameshakufa. Wa pili alifia mkononi mwangu. Mama yao hakuna aliyemwona.

Nikasema asante. Tena nikatabasamu.

Nimekulia kambi ya wakimbizi, Tanzania. Mgeni akija tulifagia hata nyuma ya choo. Nilipaswa kujua neno "wageni" litafanya nini, nami ndilo nililolitanguliza. Nina hasira leo, na sina wa kumkasirikia ila mimi.

Upande wa chini bado kimebaki kichaka kidogo. Wameniahidi kukimaliza Jumamosi ijayo.

Nimeshika simu mara tatu na kuiweka. Jambo hili halisemwi kwa simu. Kesho asubuhi napanda basi la Muyinga, nikamwambie shefu, yule mzee aliyeinama na panga tangu alfajiri kwa heshima yangu, kwamba kazi yao imeua, na kwamba kosa ni langu. Ataaibika mbele ya watu wake. Huenda asinipe mkono tena.

Basi na asinipe. Kama yule mama sungura bado yu hai, yumo mle chini.