Matanga Yako Sijayaanua

Agnes mwanangu,

Salamu sikupi, nimekasirika. Nimekasirika na hawa walobaki, na weye pia nnakukasirikia.

Ile video aliyokupiga mjukuu wangu Raya jikoni kwangu hapa Omani, ulikokuwa ukinifanyia kazi, unasukuma chapati huku unaimba nyimbo zako za kanisani, bado inazunguka kwenye simu za watu. Yeye alitaka kuchekesha shoga zake huko mtaa wa Khoudh. Mzaha ukamtoka mkononi. Walioiona wakaandika kafiri ananajisi vyungu vya Waislamu, afukuzwe, arudi kwao Kenya na msalaba wake. Majina nimesomewa. Jamaa zangu wamo. Matumbo yao nnayajua, yamejaa sambusa zako za futari.

Na weye ukaacha kuimba. Nikakwambia imba, mpumbavu wee, nyumba hii yangu. Ukanijibu, "Wacha tu, shosho." Shosho, neno la kwenu la bibi, mie Mzanzibari! Kila siku nikikugombeza kwa neno hilo. Hata kanisani Ijumaa, siku yako ya mapumziko, ukaacha kwenda, unaogopa kutazamwa. Kisha ukaugua, ukafa, ukasafirishwa kwenu ndani ya sanduku.

Nikakuwekea matanga hapa nyumbani Mabela. Nikatandika mikeka, nikatoa halwa na kahawa. Wifi yangu akapiga simu, ati wameandika kwenye kundi la ukoo kuwa kafiri haliliwi. Nikamuuliza, ulipovunjika nyonga, nani alikuogesha? Akakata simu.

Hakuja mtu. Kahawa ikapoa, halwa ikaota ngozi. Raya peke yake alikuja akakaa pembeni ya mkeka, analia. Nikamwacha alie. Simu nilimwambia aiache nje na viatu.

Siku za matanga zishapita, nyumba nyingine wangekuwa washaanua. Mie sijaanua. Sasa Ramadhani inakaribia, wananiuliza futari mwaka huu itakuwaje. Nimewajibu: anayetaka kula kwangu apitie kwanza kwenye mkeka wa Agnes, akae, anipe pole kwa mdomo wake, si kwa simu. Asiyetaka, kwake kuna tende na maji.

Wamenuna. Wanune.

Lala, mwanangu. Na huko uliko uimbe kwa sauti, usinitie aibu. Mikeka sitaikunja mpaka waje. Nikifa haijakunjwa, Raya nshamuusia.

Mie,
shosho wako.