Hema la Watu Wawili

Jumatatu, 5 Mei

Sijawahi kulala kwenye hema. Hata usiku mmoja. Naandika hapa kwa sababu sijamwambia mtu yeyote, na daftari hili halina mdomo.

Shule nzima inaamini nimelala. Mwaka jana mwalimu wa Kiswahili alitupa insha: safari nisiyoisahau. Mimi safari ya namna hiyo sina — likizo zote nakaa nyumbani nasoma. Nikabuni. Mimi na mjomba, porini, mvua ya kupasua mawe, vigingi vinang'oka, mimi natoka gizani kuvipigilia upya kwa jiwe. Alama ishirini na tisa kati ya thelathini! Mwalimu akaisoma mstarini, mbele ya kila mtu. Baadaye wasichana wakaniuliza: kumbe Kamusi ni mtu wa porini? (Kamusi ndiyo mimi. Jina la utani tangu darasa la sita.) Nikatabasamu. Sikusema ndiyo, sikusema hapana. Nilidhani tabasamu haliwezi kuwa uongo.

Leo mwalimu wa jiografia ametangaza matembezi. Ijumaa tarehe 30, siku tatu mlimani, kila mtu na mzigo wake mgongoni. Tutalala wawili wawili, na kila wawili waje na hema lao, maana mahema ya shule yameliwa na panya stoo. Amesema panya wametutangulia kupiga kambi. Aliyecheka ni yeye tu.

Twiga akageuka kwenye dawati lake: mimi na wewe. Hakuuliza, alisema. Twiga ni mrefu kuliko wasichana wote wa kidato chetu, na ndiye pekee anayeweza kukaa nami mapumziko mazima bila kunilazimisha kuongea. Nilifurahi mpaka masikio yakawaka moto.

Halafu akaongeza: hema utachagua wewe, mtaalamu.

Jumatano, 7 Mei

Kompyuta ya maktaba, mpaka mkutubi akaanza kuzima feni moja moja.

Nimejifunza mengi. Wenye viwanda wakisema "watu wawili" wanamaanisha watu wawili waliopangwa kama sahani kabatini. Begi halimo. Kugeuka pia hakumo. Uzito ukizidi kilo tatu utajuta kwenye mwinuko wa kwanza, ingawa wawili mnaweza kugawana: mmoja abebe kitambaa, mwingine fito na vigingi. Na hema la tabaka moja ni mtego! Pumzi zenu zinapanda, zinagota kwenye kitambaa baridi, zinageuka maji, asubuhi zinawadondokea wenyewe. Bora tabaka mbili — chandarua ndani, kifuniko cha mvua nje, hewa ipite katikati.

Hema la kwenye insha yangu lilikuwa la tabaka moja. Niliandika kwamba tuliamka "wakavu kama biskuti". Alama ishirini na tisa!

Kaka ameona michoro yangu mezani. Ati wewe unayemkimbia mjusi bafuni, ukalale mlimani? Nimemwambia mjusi wa bafuni ananitazama, wa mlimani ana shughuli zake. Kaka hajui habari za insha. Nyumbani hakuna anayejua.

Jumamosi, 10 Mei

Tumenunua!

Asubuhi tulianza duka la michezo. La bei rahisi: jepesi kweli, kilo moja na nusu, lakini tabaka moja na mlango mmoja. Muuzaji alilisifu kama anauza farasi. Twiga alikuwa tayari kutoa pesa. Nikamvuta mkono, nikamweleza habari za pumzi. Akamwambia muuzaji, tutarudi. La pili lilikuwa na kila kitu. Twiga akageuza kibandiko cha bei, akakirudisha polepole, kama mtu aliyefunua kidonda cha mwenzake. Tukatoka.

Kisha mitumba. Jamaa anayeuza vifaa vya michezo amekaa kwenye kiti cha kukunja ambacho nacho kinauzwa. Mteja akikitaka, anasimama. Chini ya rundo la viatu vya kuteleza tukakuta hema la kijani. Tabaka mbili, fito za alumini, milango miwili — kila mtu na wake, hakuna kumkanyaga mwenzio ukitaka kutoka. Mizani ya jamaa ikasema kilo mbili na nusu. Kasoro: chandarua kimechanika, urefu wa kiganja.

Nililinyanyua kuelekea jua nitafute matundu. Nikagusa sakafu yake nione kama inanata. Nikainusa, maana nilisoma kwamba kitambaa kilichooza ndani hunuka uchachu. Jamaa akapiga kelele: jamani njooni muone, huyu dada ananusa hema kama mchuzi!

— Mwache, akasema Twiga. Huyo keshalala porini, tena na mvua juu yake.

Alisema kwa kujivunia. Kana kwamba ni yeye aliyelala.

Twiga hatembei bila futi ya kushonea. Mama yake ni fundi cherehani. Tukapima, tukachora umbo la hema kwa chaki pale pale kwenye lami, jamaa akatukopesha boksi, tukalala chali. Urefu: kichwa chake na visigino vyake vimebakiza kama shibiri moja. Upana: mabega yetu yanagusana, basi. Mpita njia akauliza, wasichana, mmechoka mapema yote hii? Twiga akacheka mpaka akatoka nje ya mstari. Mimi nilikuwa naangalia mawingu na kuwaza — hapa ndipo kichwa changu kitakapokuwa. Hapa hasa.

Bei: theluthi ya lile la pili. Jamaa alisema angepunguza zaidi, lakini kunusa kuna gharama zake.

Jumanne, 13 Mei

Siku mbaya.

Mwalimu wa jiografia ametutaka tujaribu mahema uwanjani baada ya vipindi. Kila jozi. Wengine wote wakaanza kututazama sisi, yaani mimi. Nilikuwa nimesoma hatua zote. Nilizijua kwa moyo! Lakini kwenye maelezo fito huingia tu. Uwanjani ufito ulikwama katikati ya njia yake, nikauvuta badala ya kuusukuma, ukaachana vipande ndani ya kitambaa. Kifuniko cha mvua nilikigeuza, mishono yenye utepe ikawa nje. Dakika hamsini na tano. Jozi iliyofuata kutoka mwisho: kumi na nane.

Twiga hakunicheka. Alishika fito, akangoja nimwambie la kufanya. Nisipomwambia, alingoja tu. Halafu akaniuliza, kwa sauti ya chini ili wengine wasisikie: lile la mjomba mlilisimamishaje?

— La aina nyingine, nikasema. La zamani.

Akaitikia kwa kichwa. Akaniamini.

Hilo sasa si tabasamu.

Alhamisi, 15 Mei

Tumepeleka hema kwa mama yake Twiga ashone chandarua. Duka lake liko mbele ya nyumba yao: cherehani mbili, benchi, pazia, vipande vya vitambaa sakafuni hadi unatembea kama juu ya majani. Nimemwamkia, akanipokea kwa mikono miwili, akamtuma Twiga dukani kwa jirani akanunue uzi mweusi.

Tulipobaki wawili akasema, bila kuinua macho kwenye sindano:

— Mimi nilikataa, mwanangu. Huyu hajawahi kulala nje ya nyumba hii. Kifua chake ukikilowesha kinabana, usiku kucha tunakaa kitandani namsugua mgongo. Nikasema hapana, mlima haumhusu. Akaniambia, mama, nitakuwa na Kamusi. Kamusi alipigwa na mvua porini, akatoka gizani peke yake, akaokoa hema. Basi nikasema, kama ni Kamusi, nenda.

Akakata uzi kwa meno.

— Nimemkabidhi kwako.

Nikasema: sawa, mama.

Nikanywa chai yote. Ilikuwa moto mno, nikainywa hivyo hivyo. Chandarua kiliposhonwa, nikarudi na hema nyumbani.

Sikujua habari za kifua. Twiga hakuwahi kuniambia. Naye ana lake la kunyamazia, lakini lake halimdanganyi mtu.

Ijumaa, 16 Mei

Nimesema.

Nilitoka shule nikaenda moja kwa moja kwa mama yake Twiga, nisije nikafikiri. Mama alikuwa anapinda sketi za sare, rundo zima. Nilisimama mlangoni. Nilikuwa nimepanga maneno mazuri njiani — utangulizi, mwili, hitimisho! Nikafungua mdomo, yakatoka haya: mama, ile hadithi ya porini niliitunga, sijawahi kulala kwenye hema.

Aliendelea kushona mpaka mwisho wa pindo. Kisha:

— Na mjomba?

— Mjomba yupo. Anauza vipuri vya baiskeli. Sidhani kama yeye naye amewahi.

Akacheka kidogo. Halafu akaacha kucheka. Akaniangalia kwa muda mrefu, kama anavyoangalia kitambaa ambacho mteja amekuja nacho kikiwa kimeshakatwa vibaya.

Pazia likasogea. Twiga alikuwa ndani, amesikia kila neno. Nilidhani atalia au atapiga kelele. Alisema polepole:

— Insha ni insha. Lakini Jumanne nilikuuliza. Mimi na wewe tu, nilikuuliza.

Jibu lipo, lakini ni refu, na yeye alikuwa amesharudi ndani.

Mama akakusanya sketi. Akasema yeye mlima haujui, anajua mishono. Mshono usiouamini unaujaribu mwenyewe kabla mwenye nguo hajafika. Basi kesho nilete hema, tulisimamishe ua wa nyuma, atalimwagia maji kwa mkono wake, na sisi wawili tulale humo. Tukiamka wakavu, tutazungumza. Tusipoamka wakavu, hakuna mlima.

— Mimi silali naye! Twiga akasema kutoka ndani.

Mama akanigeukia.

— Wewe njoo hata hivyo.

Nyumbani nilimwambia Baba yote. Alivua miwani, akacheka, akaivaa tena. Ameniuliza kama mjomba anajua alikuwa shujaa. Kisha akaacha utani: umemwambia mwenye mtoto kabla ya safari, siyo baada. Nenda. Nitakupeleka mwenyewe.

Jumamosi, 17 Mei

Naandika nikiwa ndani ya hema. Ua wa nyuma wa fundi. Saa mbili kasoro. Tochi naishika kwa meno.

Nimelisimamisha peke yangu. Fito nilizisukuma, sikuvuta. Utepe ndani. Dakika ishirini na nne. Baba alitazama kidogo, akaongea na mama yake Twiga pale kizingitini, akaondoka; atanifuata asubuhi. Twiga alikuwa dirishani jikoni, anaosha vyombo. Vyombo vya watu wawili — na aliviosha kwa nusu saa.

Mara moja tu alifungua dirisha:

— Kigingi cha nyuma kimelegea.

Nikaenda kukiangalia. Kweli kimelegea. Nikakipigilia. Dirisha likafungwa.

Kisha mama akaja na ndoo. Nilikuwa ndani, zipu zote zimefungwa. Ndoo ya kwanza ilitua kama gunia la mchanga, nikapiga ukelele. Nikamsikia anacheka huko nje. Ya pili. Ya tatu. Kelele yake ndani ya hema hata sikuipata kwenye insha. Niliandika kwamba mvua "iliimba". Haiimbi! Inakupigia mlango kama mtu unayedaiwa naye.

Baadaye akaingiza kichwa na taa, akapapasa sakafu, akapapasa kona. Upande wa kulia, pakavu kabisa. Upande wa kushoto, kona ya juu, tone moja linajikusanya, linangoja, linadondoka. Nimehesabu: kama kila dakika mbili. Akaligusa kwa kidole.

— Mh, akasema. Hapo pataka nta. Nitapaka kesho.

Hakusema kama kuna mlima au hakuna. Akaingia ndani.

Godoro langu nimelitandika kulia, kwenye ukavu. Nimejaribu kusoma, maneno hayaingii. Si woga. Woga nimeutafuta, sijauona. Kuna upana wa mtu mmoja pembeni yangu, na kila nikigeuka naugeukia.

Taa ya jikoni imezimwa sasa hivi. Mlango wa nyuma umelia. Sikuweza kujua ni wa kufunguliwa au wa kufungwa.

Nimeinuka. Nimeburuta godoro langu mpaka upande wa kushoto, nikakunja taulo nikaliweka chini ya tone, nikalala.