Ukuta wa Chumba cha Mama

5 Machi

Kaka,
Shikamoo. Habari za huko, na afya yako? Sisi wazima, ila Mama kifua kinambana. Jana bomba la bafu la juu lilipasuka, dari ikaanguka juu ya kitanda chake. Bahati alikuwa jikoni. Godoro, kabati, nguo, vyote chapachapa. Tafadhali waambie watu wa bima, maana nyumba na bima vina jina lako.
Mdogo wako

9 Machi

Mdogo wangu,
Marahaba. Mimi sijambo, mpe Mama pole. Mkaguzi wa bima atakuja Jumatatu. Nisikilize vizuri: bomba likipasuka ghafla, wanalipa. Maji yakivuja taratibu mpaka ukuta ukaoza, hawalipi ng'o; wanasema mwenye nyumba amezembea. Akiuliza, sema ghafla, basi. Mdomo wako naujua.
Kaka yako

20 Machi

Wewe,
Salamu leo sina. Bima wamekataa! Eti wameambiwa ukuta una ukungu tangu mwaka jana na mimi nilijua. Ulikuwa unamwonyesha nani uungwana wako? Waandikie kwamba ulichanganyikiwa. Hutaki, fungasha. Nyumba ni yangu.
Kaka yako

26 Machi

Kaka,
Shikamoo, hata kama huitaki. Hujambo? Mkaguzi alibonyeza ukuta kwa kidole, kidole kikazama kama kwenye mkate. Hakuniuliza mimi. Alimgeukia Mama: "Mama, hali hii imeanza lini?"
Mama akamjibu, "Mwaka jana, baba. Mwanangu namwambia kila akipiga simu. Anasema fundi anakuja."
Haya, mwandikie yeye kwamba amechanganyikiwa.
Mdogo wako

2 Aprili

Mdogo wangu,
Hamjambo? Mbona simu ya Mama haipokelewi? Yule mkaguzi kamtega mtu mzima. Mwambie Mama akanushe, neno moja tu. Akikanusha, fundi namleta wiki hiyohiyo.
Kaka yako

15 Aprili

Kaka,
Tumehama. Maji nimeyafunga kwenye mita, ufunguo uko kwa jirani wa kushoto. Daktari anasema ule ukungu ndio uliomharibu Mama kifua. Sasa hapandi ngazi bila kushikwa mkono.
Barua yako nimemsomea yote, hata pale pa kukanusha. Alijifunga khanga upya, kisha akasema, "Mjibu kwamba ni kweli, nyumba ni yake. Aje alale chumbani kwangu."
Mdogo wako