Wimbo wa Paka Katika Orodha ya Watoto

Tudor, Mombasa

Mama mpendwa,

Natumai unaposoma haya goti lako limetulia na Baba ameacha kubishana na daktari kuhusu chumvi. Mimi sijambo. Joto nimelizoea, ila usingizi wa mchana bado unanishinda.

Uliniuliza kama ni kweli nusura nifukuzwe kazi. Ni kweli. Nimeona nikuandikie, maana kwenye simu ungenikatiza kabla sijajitetea.

Unajua kampuni yetu huweka nyimbo mtandaoni, watu wakazisikiliza kwa simu zao. Nilipoajiriwa tulikuwa watatu katika chumba kimoja juu ya duka la halua, Mji wa Kale. Sasa mambo yamepanuka. Watu wa Lamu, wa Maskati, hata wa Kanada wanatusikiliza, na tajiri wetu, Bwana Feisal, hununua kanda kuukuu za kila aina tuzitie humo. Kazi yangu ni kuzipanga: za harusi, za msiba, za watoto. Alitaka haraka, nami nikawa nasikiliza ubeti mmoja tu wa kila wimbo.

Mmoja wa zamani, mwimbaji hajulikani, ulisema: "Paka wangu haji mlangoni, hupita dirishani. Baba akitoka, nampa maziwa kwa sahani." Wewe ungeuweka wapi, Mama? Niliuweka kwa watoto.

Shule moja ya chekechea hapa Tudor ikaupenda. Siku ya wazazi nikaalikwa, nikaketishwa mbele. Watoto wakatoka wamechorwa masharubu ya wanja, wakaimba, wakaruka dirisha la karatasi, wakalia nyau. Nikapiga makofi, kisha nikagundua napiga peke yangu. Kina baba walikuwa wakitazama dari. Kina mama walijifunika leso mpaka machoni. Mwalimu mkuu, mtu wa bara kama mimi, akaninong'oneza, "Wimbo una makosa?"

Nyuma yangu bibi mmoja alikuwa akicheka huku anafuta machozi. Akanishika bega.

"Mwanangu, hujatambua? Paka huyo ana maguu mawili."

Kesho yake simu hazikukatika. Wazazi walitaka wimbo uondolewe, na aliyeupanga aondolewe pia. Bwana Feisal akanipa barua ya onyo, akaniambia nisubiri uamuzi. Nilikuwa nasubiri hivyo, nimeshaanza kukusanya vikombe vyangu, yule bibi alipopanda ngazi zetu akipumzika kila kidato. Nyuma yake alikuja mwanawe Salim, baba wa mmoja wa wale paka, amekunja uso.

Bibi akatuamkua mmoja mmoja, akauliza hali za wazazi wetu, akanywa kahawa. Ndipo akasema, "Wimbo ni wangu. Naitwa Zuhura. Naliuimba harusini kabla sijaolewa, wakanirekodi, na tangu siku hiyo sijaisikia sauti yangu ile."

Nikamvisha hedifoni. Akasikiliza amefumba macho mpaka mwisho.

"Nalikuwa na pumzi," akasema. Hata Bwana Feisal alitazama chini.

Tukakubaliana wimbo uhamishiwe kwa watu wazima. Bi Zuhura akataka na jina lake liandikwe. Hapo Salim akaja juu.

"Mama, jina lako? Watu watauliza paka ni nani."

"Na waulize."

"Na heshima ya marehemu baba?"

Bi Zuhura akamtazama kwa huruma. "Salim, aliyekuwa akipita dirishani ni babako. Mlango aliujua siku ya posa."

Salim akaomba maji.

Barua yangu ya onyo imechanwa, kwa sharti moja: kila Jumanne Bi Zuhura aje aisikilize orodha ya watoto pamoja nami, naye alipwe kama sisi. Ameshaondoa nyimbo nyingi mno. Mama, hata ule wa maandazi uliokuwa ukinibembeleza nao ameuondoa, na aliponieleza kwa nini nilitoka nje kupata hewa. Tafadhali usimwimbie mjukuu mpaka tuzungumze.

Nisalimie Baba, na dada Mkamburi kwenye cherehani yake, na mjomba Mwakio wa kinu cha kusaga. Shangazi Mghoi, mwenyekiti wa kina mama kanisani, mwambie tu kwamba kazi inaendelea vizuri.

Ni mimi bintiyo, nisiyepiga makofi tena kabla ya wengine,

Wakesho